Pini Kumi na Mbili za Ndege

Kila siku baada ya masomo, Nelvine na mdogo wake, Benard, walipitia karakana alikofanya kazi mama yao, karibu na Kabianga. Waliketi kwenye benchi, wakafanya mazoezi ya shule na kumngojea. Mama yao, Chepngeno, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, yaani kuvichonga kwa mashine. Alitengeneza pini za magurudumu ya ndege ndogo, na kila pini aliipima kwa maikromita, chombo kinachotambua tofauti nyembamba kuliko unywele. Watoto walikatazwa kukigusa.

Alhamisi moja, mama alipoitwa ofisini, Nelvine alikichukua chombo kile ili apime unywele wake. Kilimteleza, kikaanguka sakafuni. Alikiokota, akakigeuza huku na huku. Hakuona hata alama. Akakirudisha mahali pake.

"Kimevunjika?" Benard aliuliza.

"Hapana."

"Basi nyamaza. Ukisema, tutakuwa tukimngojea Mama nje, kama kuku walionyeshewa."

Mama alirudi, akaanza kupima pini alizokuwa amezikereza asubuhi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na mbili. Kila alipokaza chombo kile, Nelvine aliinua macho kutoka kwenye mazoezi yake. Kisha akaja Fundi Okemwa, msimamizi wa karakana, akiwa na kisanduku.

"Mama Nelvine, ziko sawa zote?"

"Zote, Fundi. Nimetia sahihi fomu ya vipimo."

"Vizuri. Gari la Nairobi linangoja. Ile ndege ya kubeba wagonjwa haijaruka wiki nzima kwa sababu ya pini hizi."

Nelvine aliposikia neno "wagonjwa", aliinuka kwenye benchi. Akilini alimwona rubani akitua, gurudumu likichomoka, watu wakiwa wamelala ndani wasiweze hata kukimbia. Alitaka kusema, lakini aliogopa. Okemwa alikuwa amefika mlangoni na kisanduku cha pini Nelvine alipomkimbilia, akamshika mkono wa koti.

"Fundi, tafadhali usizipeleke. Niliangusha maikromita."

Mama alifumba macho. Okemwa hakumkemea. Alitoa kabatini kipande cha chuma ambacho kipimo chake kilijulikana barabara, akakipima kwa maikromita ile, mara ya kwanza na ya pili.

"Inadanganya," alisema kwa sauti ya chini.

Pini zote zilipimwa upya kwa chombo kingine. Tisa zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa nyembamba kupita kiasi. Gari lilizuiwa, na mama akarudi kwenye mashine kukereza nyingine tatu, bila kumtazama binti yake.

Okemwa alifungua daftari la makosa ya karakana mbele ya Nelvine. "Andika siku, saa, na ulichoangusha."

Nelvine alishika kalamu, machozi yakimlengalenga. Juu ya mstari wake palikuwa na majina ya watu wazima. La Okemwa lilionekana mara mbili.

"Hata wewe, Fundi?"

"Hata mimi, na siku hizo nililiogopa daftari hili kama unavyoliogopa sasa. Ulikosea kugusa ulichokatazwa, na kuhusu hilo mama yako atazungumza nawe nyumbani. Lakini sikiliza, Nelvine. Chombo kikianguka, tunakitengeneza. Mtu akinyamaza, mama yako anatia sahihi uongo bila kujua, na rubani anaruka akiuamini. Ukiwa na hofu, sema ungali na hofu hiyo hiyo. Usingoje ikuishe."