Kwanza Bima, Halafu Ndoa

Siku ya kwanza Daud alimcheka. Msimlaumu sana. Alikuwa mgeni Garissa, mwalimu wa fizikia aliyehamishwa kutoka Mumias, na aliingia soko la Suuq Mugdi saa ya jua kali ambayo wenyeji wenyewe hawaingii, akitafuta kitambaa cha dirisha.

"Bazia ya nyumba ama ya ofisi?" aliuliza msichana mwenye duka.

"Bazia?"

"Ndiyo. Bazia."

"Pazia," alisema Daud, akijizuia kucheka na kushindwa.

"Si ndiyo nimesema? Keti, maalim. Joto imekuingia kwa maskio."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Umesahihisha mtu hata kabla ya salamu."

Aliitwa Rahmo. Alivaa dira, lile gauni pana la Kisomali, ya rangi ya chungwa na mtandio mweusi, na kila alipopita aliacha harufu ya uunsi, ule ubani wa Kisomali unaokaa kwenye nguo wiki nzima. Aliponyoosha mkono wa kushoto kuteremsha jora, mkono ulilegea katikati ya safari na jora likamwangukia Daud kifuani. Rahmo alicheka, akausugua mkono.

"Hii mkono ni fifu," alisema. "Haibendi kazi."

Uvivu gani huo wa kumkunjisha mtu uso kwa maumivu? Daud aliona, akamrudishia jora. Alinunua pazia za madirisha mawili, na chumba chake kina dirisha moja.

Basi simu zikaanza. Asubuhi: "Umeamka, maalim?" Mchana: "Umekula, ama unakula chaki?" Jioni ni yeye Daud: "Rahmo wangu, umenisahau tangu saa nane?" Ilipopita miezi michache, Daud hakuzisikia tena zile b za Rahmo. Sikio lake lilishazizoea, likawa linazigeuza lenyewe bila kumwambia. Kaka mkubwa wa Rahmo, Korane, alipopigiwa simu kule Habaswein aliuliza jambo moja tu: huyo mtu wa Mumias, anaswali? Anaswali. Korane akasema sawa.

Kilichobaki ni homa. Ilimjia Rahmo kila jioni, na mwili ulipungua hadi dira zikahitaji kukunjwa kiunoni. Alipewa dawa za malaria, za taifodi, za ugonjwa unaoletwa na maziwa mabichi. Alizimeza zote, na homa ikarudi. Mwishowe Dkt. Njambi, daktari wa kutoka bara aliyekuwa na subira, alimshika kifundo cha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena.

"Huku mapigo siyasikii vizuri," alisema. "Nashuku mchochota. Yaani kuna mahali ndani ya mishipa mikubwa ya damu panavimba na kuwaka, na kwa nje hapaonekani. Nairobi kuna kipimo kinachoweza kupaona. Tukijua palipo, tutajua la kufanya."

Jioni hiyo Daud alimkuta Rahmo dukani, akamwambia yaliyokuwa moyoni. "Nakutaka uwe mke wangu. Leo kuliko jana. Na bima ya walimu humchukua mke pia, hata hilo lifikirie."

"Niache nilale nayo," alisema Rahmo.

Asubuhi simu ililia Daud akiwa anapiga shati pasi.

"Maalim, nimefikiria. Kwanza bima, halafu ndoa."

Daud aliinua pasi. "Kwanza bima?"

"Ndiyo. Bila bima sitaki ndoa. Usione fibaya."

Aliona vibaya sana. Alikuwa amempa moyo, naye anauliza kadi. "Rahmo," alisema, "mimi siwezi kuoa mtu kwa sababu ya bima."

Sasa sikilizeni upande wa pili wa simu. Rahmo alikuwa anasema pima; safari hii sikio la Daud halikuigeuza ile b, kwa kuwa bima aliitaja mwenyewe jana yake. Apimwe kwanza, ijulikane ni nini kinachomla, ili Daud asije akaoa ugonjwa usio na jina. Masikioni mwake pima na bima ni neno moja, amelitamka hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo alichosikia ni kwamba mwanamume anayempenda hawezi kumwoa kwa sababu ya vipimo.

"Wallahi sikujua wewe ni mtu wa hifyo."

"Hata mimi sikukujua," alijibu Daud, na simu ikakatwa. Hakuna atakayejua ni nani aliyekata kwanza.

Rahmo alilia, alikuwa na haki ya kulia, kisha akajifuta na kumpigia Korane. "Uza ngamia, walaal, kaka yangu. Naenda Nairobi. Kama yeye anaogoba kujua, mimi nataka kujua." Korane hakubishana. Dadake akiazimia jambo huwa halibishaniki.

Daud alinuna wiki nzima. Halafu, kwa kuwa alimkosa hadi akakosa usingizi, alipata kisingizio: ile pazia ya ziada. Aliibeba hadi dukani, akamkuta Filsan, binamu yake Rahmo, akipepea uso kwa kipande cha katoni.

"Rahmo yuko wapi?"

"Ameenda Nairobi kubimwa."

"Kuchukua bima?"

"Kuchukua nini? Kubimwa! Kesho anabigwa bicha ya mwili mzima. Ameambiwa asiguse sukari ndiyo bicha itoke sawa. Fikiria sasa, Rahmo bila chai ya sukari! Na wewe uliyemkataa kwa sababu ya kubimwa unauliza ya nini?"

Bicha. Daud alisimama na pazia mkononi. Bicha, picha. Kubimwa, kupimwa. Kwanza pima, halafu ndoa. Mwalimu mzima, aliyemsahihisha msichana kabla ya salamu!

"Filsan," alisema, "hospitali gani, na basi la Nairobi linaondoka saa ngapi?"

Kesho yake, katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, Rahmo alidungwa sukari iliyochanganywa na kitu chenye miale kidogo. Muuguzi Gacheri alimwelekeza kwa upole. "Panapowaka ndani hula sukari hii kuliko kwingine, na kamera itaona panapong'aa. Sasa lala kimya, dada. Usizungumze, usichezeshe hata kidole, simu nazima."

Kwa mfanyabiashara wa Suuq Mugdi, kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko sindano. Lakini alilala hivyo hivyo, akiiambia homa yake kimoyomoyo: leo utatokea tu, popote ulipojificha.

Mashine ilipommaliza aliambiwa anywe maji mengi, akae mbali kidogo na watu, hasa wajawazito na watoto wachanga, hadi jioni. Alichagua benchi la mwisho bustanini. Ndipo alipomwona mtu mwenye shati lililokunjamana akija mbio.

"Simama habo habo!"

"Rahmo, nisikilize..."

"Simama! Nina miale."

"Nafundisha fizikia, mpenzi. Nikisimama huku hainidhuru." Alirudi nyuma, akapaza sauti, na wagonjwa wakageuka. "Sema, daktari anapokuchunguza ugonjwa, unafanyiwa nini?"

"Nabimwa."

"Na ile kadi ya walimu ya kulipia hospitali?"

"Bima. Umekuja kunisomesha?"

"Nilidhani ulitaka kadi!"

Rahmo alikodoa macho. Aliangua kicheko, kikageuka hasira katikati. "Nitauza ndoa kwa kadi, mimi? Si ungeuliza! Neno moja tu!"

"Nilijiona, Rahmo. Nimekosa. Nisamehe."

"Na mimi nilidhani umeogoba ugonjwa."

"Naogopa. Lakini nikiogopa nakimbilia kwako." Alivuta pumzi. "Umeshabimwa?"

"Nimebimwa."

"Basi ndoa."

Rahmo aliinamisha uso. "Majibu haijatoka, Daud. Inaweza kuwa mbaya."

"Ulisema kwanza bima. Majibu hukutaja."

Alimtazama kule mbali aliposimama kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. "Basi lete wazee wako Habaswein," alisema. "Na wafundishe kunywa maziwa ya ngamia. Yachemshwe."

Majibu waliyapokea pamoja Garissa. Kwenye kioo cha kompyuta, mshipa mkubwa wa kifua uling'aa, na mng'ao ukapanda hadi begani, ukaingia mkono wa kushoto. Rahmo aliugusa ule mng'ao kwa kidole. "Kumbe ulikuwa humu," alisema.

"Dawa zake zipo," alisema Dkt. Njambi, "ila ni za muda mrefu, na zingine zitakuchosha."

"Nitameza. Nilimeza za ugonjwa ambao sina, nitashindwa na huu wangu?"

"Vizuri. Baadaye tutakupima tena."

"Sema tutakubima, daktari," Daud alimsahihisha.