Wimbo wa Lami

Haya alinisimulia rafiki yangu Wendell, huku kwetu New Mexico. Barabara ya kwenda kwa Rufino, muuza chakula cha farasi, imechongwa mifereji ili matairi yakipita yaimbe. Aliyeichonga ni Lorenza, dada yake Rufino. Aligongwa hapohapo kazini akafa, na lori lililomgonga halikusimama wala kujulikana. Ndiyo maana wimbo hukatika katikati.

Wendell hakuwa ameipita njia hiyo tangu abadilishe bampa ya lori lake, siku chache baada ya kifo hicho. Siku hiyo farasi walikuwa na njaa, akaenda. Dhoruba ya vumbi ikaufanya mchana kuwa giza. Matairi yakaimba, wimbo ukakatika palepale. Kisha, kwenye lami nyororo, ukaendelea. Akazima injini, nao ukamalizikia chini ya kiti chake, taratibu.

Aliingia dukani mbio, bila hata kufunga mlango wa lori.

"Vipi ndugu yangu, umekutana na shetani?" Rufino akamtania. "Chukua kitoroli hicho, magunia mazito."

Wendell akakisukuma. Magurudumu yakaanza kuimba sakafuni, nusu ile ya pili.

Rufino akaacha kucheka. "Huo mwisho Lorenza alinipigia kwa mluzi mimi tu, jikoni kwetu."

Akaenda kufunga mlango kwa ufunguo. Wendell alikuwa amekiachia kitoroli, kimesimama tuli, na bado kilikuwa kinaimba.