Helmeti Iliyomkaa Donatus

Ukiuliza mtaani kwetu Katoro ni nani asiyedanganyika, watakutajia Generosa, fundi cherehani, Mama Nelly. Mpelekee kitenge uone! Atakigeuza ndani nje, atakinusa, atavuta uzi mmoja, ndipo akuulize umekitoa wapi. Mumewe, Donatus, alipenda kumtania kwamba siku ya harusi yao alimkagua padri kwanza kabla hajamkagua bwana harusi. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatwa na haya. Sisi wengine wenye kuamini kila kitu tungefanya nini?

Donatus ni Muha wa Kasulu, mchimbaji wa siku nyingi kule Rwamgasa. Mwaka jana duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilitema dhahabu, naye akanunua kitu alichokuwa akikiota tangu ujana: spoti, pikipiki ya mbio, ya bluu, tangi limenona, dereva analala kifudifudi juu yake. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuishika. Generosa aliizunguka mara tatu, mikono kiunoni.

"Sikiliza, Baba Nelly," alisema. "Hii huipandi na mimi siipandi mpaka upate helmeti ya maana. Siyo vibakuli vile vya bodaboda. Sitaki ujane wa kujitakia."

Jumamosi asubuhi wakaenda sokoni. Jua lilikuwa limechangamka, wauza dagaa wanaita wateja, spika za maduka ya simu zinapigiana kelele. Walikwenda moja kwa moja kwa Mzee Herman, mgeni aliyehamia na duka lake kutoka Songwa miezi michache nyuma. Alikuwa anauza vipuri na helmeti, zimening'inia mpaka darini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, chagueni."

Generosa akatoa futikamba kwenye mkoba, akaizungusha kichwani kwa mumewe, juu ya nyusi. "Sitini na mbili! Mume wangu, akili zingelingana na kichwa hiki tungekuwa na ghorofa Mwanza." Donatus akacheka mpaka akashika kaunta.

Kazi ikaanza. Generosa alikuwa ameshamwuliza mteja wake, mke wa trafiki, akajua cha kutafuta. Helmeti ya spoti ifunike uso mzima mpaka kidevu. Ibane mashavu, isiumize paji. Ukitikisa kichwa iende na kichwa, isibaki nyuma ikishangaa. Ya kwanza kifungo chake kilikuwa kinaachia, akairudisha. Ya pili ilizunguka kichwani. Ya tatu aliibonyeza sponji kwa kidole gumba, sponji haikurudi. "Hii ni godoro la gesti," alisema, akaiweka kando.

Ndipo Donatus alipoiona nyeusi moja, juu kabisa, peke yake kwenye msumari. Mzee Herman alisita. Kisha akachukua upondo, akaitungua, akaisogeza kwao ikiwa bado inaning'inia kwenye ncha.

"Chukua mwenyewe, kijana."

Zile nyingine zote mzee alikuwa amezishika kwa mikono yake na kuzifuta vumbi kwa kitambaa. Generosa aliliona hilo. Akaichukua ile nyeusi, akaigeuza, akachungulia ndani, akakuta bitana imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mifupimifupi.

"Huu ni mkono wa mtu. Nani aliifungua hii?"

"Ndivyo zinavyotoka kiwandani."

"Kiwanda gani kinashona kwa mkono, mzee?"

Mzee Herman akaangalia barabarani. Donatus yeye hakuwa na subira, aliivaa palepale. Ikamkaa. Ikamkaa kana kwamba alipimiwa. Akasimama, kioo kimeshushwa, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimepokea."

Hapa inabidi nieleze. Kule mashimoni kofia za kuingilia ni chache, watu ni wengi. Anayepanda kutoka chini anamvalisha kofia anayeshuka, na anamwambia, "Nimekuachia." Anayeshuka lazima ajibu, "Nimepokea." Asipojibu hashuki. Na akijibu, amepokea pamoja na kazi yote aliyoiacha mwenzake. Jiwe lililobaki nusu ni lake, atalimaliza yeye. Donatus alikuwa ameijibu salamu hiyo miaka kumi na minne. Ilimtoka bila kufikiri.

"Umepokea nini?" Generosa aliuliza.

"Si mzee kasema ameniachia?"

Mzee Herman hakuwa amefungua kinywa. Generosa alikuwa anamtazama usoni muda wote. Jasho lilikuwa linamtoka mzee wa watu, na alipoulizwa bei alisema, "Nipeni chochote, nendeni nayo." Mfanyabiashara wa Katoro huyo! Lakini Donatus alitikisa kichwa, helmeti ikaenda na kichwa. Alifurahi. Walikuwa wamesimama dukani kwa saa mbili, miguu inauma, na mke anapenda kumwona mumewe amefurahi. Generosa akakubali.

Wiki ile ikaanza mambo. Kila siku saa tisa alasiri Donatus alivaa helmeti, akaondoka na spoti yake. Alirudi magharibi. Akiulizwa alikuwa wapi, alijibu, "Nazunguka tu huko Rwamgasa." Siku ya tatu Generosa aliona matairi yana udongo mweusi wa mbugani, na huko Rwamgasa alikosema anapita udongo ni mwekundu mtupu. Siku ya nne alimsikia akimsalimia bibi wa jirani, helmeti bado kichwani: "Mwadila, mayu!" Kisha akaendelea na Kisukuma, maneno yanamtiririka, bibi anacheka. Na Donatus Kisukuma hajui. Miaka yote ile aliishia kwenye salamu, tena akiikosea.

Sasa mke akiona hivyo, afikirie nini? Alifikiria mwanamke. Mwanamke wa Kisukuma, tena anayekaa mbugani, tena amemfundisha mumewe lugha. Wivu ukamshika rohoni. Alinusa mashati, alipekua simu, hakupata kitu. Usiku Donatus alilala amegeukia ukutani, na helmeti iko chini ya kitanda, upande wake, mkono umeigusa.

Jumapili walipotoka misa na kula, saa tisa ilipofika, Generosa alivaa helmeti yake ndogo nyekundu, akatupia mkoba begani, akapanda nyuma bila kukaribishwa.

"Leo tunazunguka wote."

Donatus alishusha kioo. Akawasha.

Waliipita Buseresere, wakashika barabara ya Biharamulo. Upepo ulikuwa unapuliza, mbuga pande zote mbili zinameremeta jua. Donatus hakugeuza kichwa hata mara moja. Waliacha lami, wakaingia njia ya ng'ombe iliyopita kati ya pamba. Generosa aliyumba kidogo kwenye shimo. Sauti ikatoka ndani ya helmeti nyeusi.

"Kaa vizuri, Mama Kamili."

Eh! Mama Kamili? Yeye ni Mama Nelly. Basi amemtaja mwenyewe, alijisemea. Leo nitamwona huyo Mama Kamili, na ataniona.

Pikipiki ilisimama mbele ya mji wa nyumba moja, uliozungushiwa ua wa minyaa. Donatus akapiga honi mara mbili. Hakuzima. Hakushuka. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani yake alisimama mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Mama Kamili?" Generosa alifoka.

"Ndiye mimi, Febronia. Dada, shuka."

"Sishuki mpaka unieleze huyu ni nani yako!"

"Shuka kwanza," yule alinong'ona. "Nakuomba. Kila siku anakuja na kiti kitupu."

Namna alivyonong'ona ilimzuia. Generosa amegombana na wanawake wengi sokoni, na anaujua uso wa mwizi aliyekamatwa. Ule haukuwa uso huo. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa. Akashuka.

"Ndani ya hiyo helmeti," Febronia aliuliza, "kuna uzi mwekundu?"

Generosa akasogea karibu. "Umejuaje?"

"Niliishona mimi. Bitana ilichanika, nikamshonea mume wangu, Ezekiel. Mchimbaji naye. Mwezi wa tatu mtoto wetu, Kamili, alizidiwa. Aliniambia, jiandae, nitakufuata saa kumi tumpeleke hospitali. Akafia kwenye karavati, hapo mbele. Helmeti watu waliibeba, sijui wakaiuza wapi. Mtoto naye hakufika jioni." Akaitupia jicho pikipiki. "Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita anakuja. Saa kumi. Honi mbili. Mimi sitoki, dada. Nikipanda sirudi."

Generosa akageuka. Mumewe alikuwa ameketi vilevile, mikono kwenye usukani. Kioo cheusi. Hakuonekana mtu ndani.

"Donatus."

Akamgonga begani.

"Baba Nelly, vua hiyo kitu."

Sauti ikatoka. Ilisema Kisukuma, polepole, kwa upole mkubwa. Generosa hakuelewa hata neno. Febronia alielewa. Mkono wake mmoja uliachia fremu. Kisha wa pili. Akapiga hatua.

Generosa akaruka, akachomoa ufunguo. Injini haikuzima. Alikuwa na ufunguo mkononi, na injini inanguruma. Akavuta kamba ya kidevuni. Kifungo hakikuachia. Febronia alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, macho hayapepesi. Generosa akaingiza mkono mkobani, akatoa mkasi wake wa kazi. Akaupitisha chini ya kidevu cha mumewe. Akakata. Kamba ile ilikuwa ngumu. Akakata tena. Akavuta kwa nguvu zote.

Helmeti ikatoka. Injini ikazima. Ukimya ukawa mkubwa, ukasikika mlio wa kengele ya ng'ombe huko mbali. Donatus akamwangukia mkewe shingoni, uso umelowa, midomo imepauka.

"Mama Nelly," alisema, "tumemalizana na yule mzee? Imenikaa?"

Siku nane. Hakuwa na hata moja kichwani.

Generosa alilia pale, hakuona aibu. Febronia naye alikuwa amekaa chini. Baada ya muda akanyanyuka, akaiokota helmeti, akaifuta vumbi kwa kanga.

"Hii nibakizie mimi. Ni ya mume wangu. Nitaizika kwenye kaburi lake leo hii, ipumzike."

Hapo ndipo Generosa, anayekagua kila kitu, hakukagua. Hakumwuliza mara mbili. Moyoni alisema, afadhali ikae kwako kuliko kwangu. Ndilo neno linalomnyima usingizi mpaka leo. Walipeana namba za simu, wakaikokota spoti mpaka barabarani, wakapata kenta ya kuwarudisha.

Pikipiki iliuzwa wiki hiyohiyo, ikaenda Shinyanga. Duka la Mzee Herman lilikutwa limefungwa, misumari mitupu darini, na jirani zake hawakujua kaelekea wapi. Donatus alidhoofika kidogo, akawa analala mchana, lakini alikula, alicheka, alimtania mkewe. Generosa akawa anamtegea sikio kila akizungumza. Ilikuwa sauti yake. Alishukuru Mungu.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi moja Donatus alilala baada ya chakula. Generosa alikuwa anashona sare za shule, cherehani ameiweka mlangoni kama kawaida yake, maana ndani kuna giza. Mlango wao ni mmoja. Mtu hawezi kutoka bila kumwambia asogeze miguu. Hakuna aliyetoka.

Saa kumi na nusu simu ikaita. Namba ya Febronia.

"Mama Nelly? Mimi ni Monika, jirani yake Febronia. Samahani, amekuja kwako?"

"Hapana. Kwani vipi?"

"Nimesikia honi. Mbili. Nikasema mgeni huyo. Nimekuja, nyumba iko wazi, yeye hayupo. Ugali uko motoni, haujaiva, mwiko umeanguka chini. Ameondoka na mikono ya unga hivyohivyo! Hapa uwanjani kuna alama ya tairi, inatoka mlangoni, inafika katikati ya pamba. Halafu hakuna tena. Mama Nelly, inaishia hapohapo. Unanisikia?"

Generosa alikuwa amekwishasimama. Simu aliiacha juu ya cherehani, Monika bado anaongea. Akaingia ndani.

Donatus alikuwa amelala kifudifudi, magoti yamekunjwa kidogo, mikono ameinyoosha mbele imeshika ukingo wa kitanda. Anapumua. Amelala fofofo. Alikuwa amevaa shati la bluu ambalo Generosa alimshonea mwenyewe na kulipiga pasi asubuhi ile.

Kiunoni, upande wa kulia na upande wa kushoto, palikuwa na alama za viganja viwili vya unga. Vidole vyote kumi vilionekana, vimekaza kitambaa mpaka kimejikunja, vile abiria anavyomshika dereva akiogopa mwendo. Donatus alikuwa amepokea, na kazi ya mwenzake ameimaliza.

Generosa aliweka mkono wake juu ya kimoja. Kiganja kile kilikuwa kirefu kuliko chake, na unga ulikuwa bado wa moto.