Nilingoja Betri Ipumzike

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, naishi Kitengela, na kazi yangu ni kubeba watu kwa tuktuk ya stima. Wenzangu wa steji wananijua kwa mdomo, siwezi kukaa kimya hata nikilipwa. Lakini haya ninayowaambia leo niliyameza miezi saba… na yamenila ndani.

Tuktuk yangu ilikuja na zile betri za asidi, nzito ajabu. Zilikuwa zinachoka haraka, lakini zilikuwa na adabu! Zinapunguza mwendo kidogo kidogo, geji inashuka ukiiona. Hata zikigoma, unazima, unangoja robo saa zipumzike, zinakusukuma tena mpaka nyumbani. Miaka mitatu nilizoea hivyo.

Basi nikaamua kuweka betri ya lithiam. Aliyenifungia ni Mutua, fundi wetu, kijana mpole ambaye hana maneno mengi. Betri mpya ilikuwa nyepesi, na tuktuk ikaruka kama ndama aliyefunguliwa! Lakini Mutua alinionya, tena mara mbili, kwamba ile geji ya zamani ni ya betri za asidi. Kwa lithiam itanidanganya. Itaonyesha imejaa karibu mpaka mwisho, halafu betri ijifunge yenyewe ghafla.

"Badilisha geji, Njoro," alisema. "Kabla hujabadilisha, hesabu kilomita. Na ikijifunga usingoje, hiyo haipumziki. Inataka chaji tu."

Nikamwambia sawa, sawa. Nikaenda nikanunua spika kwanza. Ujinga gani huo, jamani?

Wakati huo mke wangu Nashipae alikuwa na mimba. Tulikuwa tumengoja mtoto miaka mitano, na wenye midomo walikuwa wamesema yao yote.

Jumapili moja nikabeba watu wa kanisa safari kadhaa, kisha mimi na Nashipae tukaenda kumsalimia mama yake, ndani ndani huko ukitoka Isinya. Kilomita? Nani alihesabu! Geji ilikuwa imejaa.

Tukiwa kwa chai, uchungu ukamshika, wiki tatu kabla ya wakati. Jirani yao, mzee Lemayian, akawasha pikapu yake haraka. Mama mkwe akasema Nashipae apelekwe na pikapu. Lakini mimi, mkwe wa kutaka kuonekana, nikacheka! Nikasema mgonjwa hawezi kurushwarushwa na gari la kubeba ng'ombe, na mashine yangu ni mpya. Nikawaonyesha geji. Wakaniamini. Nashipae akapanda nyuma, mama yake akakaa naye.

Lami ikiwa bado mbali, tuktuk ikaacha kuvuta. Haikukohoa, haikupunguza mwendo kwanza. Nilidhani ni mkono wangu umelegea. Nikaangalia geji… imejaa!

Mama mkwe akaniambia nimpigie Lemayian. Simu ilikuwa mfukoni, na mtandao ulikuwepo. Lakini aibu, ndugu zangu… Nitampigia vipi mtu ambaye nimetoka kuicheka pikapu yake? Nikasema tungoje kidogo, ipumzike. Nikazima, nikangoja. Nikawasha. Kimya. Nikazima tena. Nashipae alikuwa ameuma leso.

"Bado, Njoro?" akaniuliza.

"Saa hii, mama. Saa hii."

Karibu saa nzima nilifanya hivyo, Mungu anisamehe, mpaka mama mkwe akaninyang'anya simu akapiga mwenyewe.

Mtoto alikuwa mvulana. Hakulia. Daktari alisema alichoka sana, kwamba tungefika mapema kidogo, labda… Sikutaka amalize.

Watu wakaanza kuuliza ilikuwaje. Na huu mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema Mutua aliniuzia lithiam feki! Nilisema hospitalini, nikasema nyumbani, nikasema steji. Kila nikisema, nilikuwa naonewa huruma zaidi. Madereva wakaondoa mashine zao kwake. Siku ya kuzika Mutua alikuja kutupa pole, na kaka yangu akamsukuma nje ya geti. Aliniangalia mimi, akingoja niseme neno. Nikainama nikaangalia viatu vyangu. Mwezi haukuisha, akafunga duka akahamia Kiserian.

Nilibadilisha geji. Ilinisaidia nini? Tangu hapo naogopa kimya. Friji ikinyamaza nashtuka. Nikisimama mahali na abiria, mashine haina sauti, nasikia nyuma yangu, "Bado, Njoro?" Nageuka mbio. Ni mama wa watu tu na viazi vyake, ananishangaa.

Halafu siku moja Nashipae akarudi kutoka maombi, uso umetulia kwa mara ya kwanza. Akaniambia amemsamehe Mutua, na amewaombea hata watoto wake. Wacha nilie! Nililia mpaka akaogopa. Nikamwambia yote, onyo la geji na uwongo wangu.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama siku ile ni aibu tu iliyonizuia kupiga simu. Nikasema ndiyo. Akatoka, akaanua nguo zake zikiwa bado mbichi, akaenda kwao.

Nikamtafuta Mutua Kiserian. Nilimpata kwa kibanda kidogo anatengeneza tochi. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, kwa maana hapo Kiserian hakuna aliyenisikia nikimchafua. "Rudi useme pale uliposemea," akasema, akaendelea na tochi yake. Nikarudi. Nikasimama steji mbele ya madereva wote nikasema. Mmoja alinitemea mate, na sikujipangusa.

Kwa desturi ya kina Nashipae, mwanamume akishampelekea mama mkwe kondoo, wanaitana Paker, si kwa jina, nasi ndivyo tulivyoitana miaka yote. Nampigia kila Jumapili kuomba kuongea na mke wangu. Siku hizi ananijibu, "Bado analia, Njoroge," kisha anakata.

Ndugu msomaji, fundi akikuonya, msikilize. Ukikwama, piga simu, uchekwe! Kuchekwa hakujaua mtu. Na kama kuna mtu umembebesha kosa lako, nenda ukamtue leo hii, kabla watu hawajamsamehe kwa jambo ambalo hakulifanya.