Yai Jekundu la Nerea

"Soma hapa. Soma mwenyewe, usije ukasema nina wivu."

Fotis alinisukumia simu mpaka puani, nami nina kipande cha mkate mdomoni. Ilikuwa jioni ya Jumapili ya Pasaka, jikoni kwetu Vienna, na nilikuwa nahangaika na insha ambayo mwalimu wangu alishachoka kuidai.

"Sijasema kitu," nikamjibu.

"Ulitaka kusema."

Kweli nilitaka. Tulikuwa tunaishi watatu kwenye nyumba ile, wanafunzi wote, kila mtu na kwao: mimi Leonor wa Lisbon, Fotis Mgiriki wa Volos, na Nerea wa Bilbao, mpenzi wake Fotis. Na wivu wa Fotis niliufahamu vizuri, maana ukuta wa chumba chao na changu ulikuwa mwembamba.

Kwenye picha Nerea alikuwa ameshika yai lililopakwa rangi nyekundu, vidole vimekuwa vyekundu hadi kucha, kichwa kakilaza begani kwa Bence. Bence ni mwenzetu wa darasani, kijana wa Budapest, ndiye aliyetualika wote twende kwa bibi yake sikukuu hiyo. Nerea peke yake ndiye aliyekwenda. Chini ya picha bibi mtu alikuwa ameandika maneno ya Kihungari, na Fotis, bila kuchelewa, alishayatafsiri kwa simu.

"Bence, kesho mmwagilie mapema kabla hajanyauka. Na hilo yai jekundu, limeshapata mwenyewe?"

Nikasoma mara ya pili.

"Bibi yake anamtuma," Fotis akasema. "Bibi, Leonor. Kwetu bibi hata jirani akivaa suruali ya kubana anajifunika macho."

Nikamkumbusha kwamba alialikwa akakataa mwenyewe. Alituambia Pasaka ya Wagiriki bado, yeye yuko kwenye mfungo, hali nyama wala mayai, na mgahawa anaofanyia kazi hauwezi kumwachia wikendi kama hiyo. Alimwambia Nerea aende tu, akafurahi. Alisema kwa mdomo. Moyoni alitaka Nerea akatae kwa ajili yake, na Nerea, binti wa watu, alimwamini akapanda treni.

Kilichokuwa kinamkosesha raha Fotis hakikuwa picha tu. Siku mbili kabla ya safari alimwomba Nerea, masomo yakiisha Julai, asirudi Bilbao, waende wakaishi Volos. Nerea alimbusu kipaji cha uso akamwambia atamjibu Jumatatu akirudi. Sasa Jumatatu ilikuwa kesho, na kesho hiyohiyo mtu alikuwa anakwenda kumwagiliwa.

Akamwandikia mbele yangu: "Huyo Bence umemlalia bega la nini?"

Jibu likaja: "Nilikuwa nacheka nusura nianguke. Chaji inaisha mpenzi. Kesho."

Hapo hapo akapiga. Simu haipatikani.

"Kesho," akasema, akaitupa simu juu ya mkate wangu. "Nami nitakuwepo hiyo kesho."

Nilipanda naye treni ya asubuhi kwa sababu moja tu: mtu akiwa na hali ile humwachi aende peke yake kwenye nyumba ya watu. Njia nzima hakula wala hakunywa. Alikuwa akiikuza ile picha kwa vidole, mara bega, mara kucha, mara yai, kama polisi anayetafuta ushahidi. Nilimwambia aulize kwanza ndipo akasirike. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kupenda. Nikamwacha na picha yake.

Bibi Piroska, bibi yake Bence, alikuwa anakaa Budapest kwenye jengo la zamani lenye ua katikati, ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Alitufungulia mlango mwenyewe, mzee mnene mchangamfu, nywele zimelowa na zinanukia hadi kwenye ngazi. Kijerumani alikuwa nacho kidogo, alichojifunza shuleni. Alipomwona Fotis akapiga makofi.

"Na wewe umekuja kwa ajili ya Nerea? Umechelewa, mwanangu. Wenzako wanne wameshammwagilia tangu asubuhi. Bence ndiye aliyeanza."

Nilimwona Fotis anabadilika rangi. Kabla sijamshika mkono alishaingia ndani.

Sebuleni palikuwa na meza ya mapaja ya nguruwe, keki, na vigilasi vya pombe kali ya matunda. Mzee mmoja jirani alikuwa amejikalia na kigilasi chake. Nerea alisimama karibu na dirisha, kikapu cha mayai mkononi, nywele zimegandamana kichwani kwa manukato. Alinuka manukato ya kiume ya aina nne kwa mpigo, hata mimi niliyasikia toka mlangoni. Alipomwona Fotis uso ukamng'aa.

"Fotis! Umekuja kweli?"

Bibi Piroska akamtia Fotis kichupa cha manukato mkononi, akamsukuma mpaka mbele ya Nerea, kisha akakunja mikono kungoja. Yule mzee jirani naye akashusha kigilasi, akangoja. Na Fotis akayaachia maneno yote.

Aliongea Kigiriki, kwa sauti iliyokuwa inapanda na kushuka, macho yamejaa machozi. Mimi Kigiriki sijui. Nerea anakijua, alifundishwa na Fotis mwenyewe, kitandani na jikoni. Nilimwona uso ule uliokuwa unang'aa ukizimika polepole.

Wakati huohuo yule mzee jirani akainuka, akanijia kwa adabu zote, akanighania mistari miwili ya Kihungari, akanimwagia manukato utosini kabla sijavua koti. Kisha akanyoosha kiganja. Bibi Piroska akacheka, akaniambia nimpe yai mzee, ndiyo desturi: Jumatatu ya Pasaka wanaume wanapita nyumba kwa nyumba, wanasoma shairi, wanawamwagilia wanawake wasinyauke mwaka mzima, wanapewa yai na kigilasi. Yeye mwenyewe, na umri wake ule, alishamwagiliwa na jengo zima.

Nikageuka kumwangalia Fotis. Alikuwa amesikia. Alibaki mdomo wazi, shairi lake limekwisha.

Na wale wazee wawili wakampigia makofi. Mzee jirani alisema tangu ujana wake hajasikia shairi linalosomwa kwa uchungu namna ile. Bibi Piroska akafuta macho kwa aproni.

"Amesema nini, binti?" akamuuliza Nerea. "Tutafsirie."

Nilidhani Nerea atamvua nguo mbele za watu, na haki angekuwa nayo.

"Anasema," akaanza kwa Kijerumani, taratibu, macho yake kwa Fotis, "alikuwa na ua moja dirishani. Akaliacha wikendi nzima. Akalala akiogopa kwamba wengine watalitia maji. Kwa hiyo ametoka kwao asubuhi, hata hajala, aje alitie maji mwenyewe."

"Maskini," bibi akasema. "Mpe lile jekundu."

Nerea aliingiza mkono kikapuni. Akalipita jekundu, akatoa yai la kahawia lililopikwa kwa maganda ya vitunguu, akamwekea Fotis kiganjani.

Hapo ndipo lile jekundu lilipogeuka kikapuni tukaliona upande wa pili. Kwenye picha upande huo haukuonekana. Lilichorwa kwa nta, kwa mkono unaotetemeka wa mtu asiyezoea kazi hiyo: mlima, ghuba chini yake, na nyumba ndogo yenye madirisha mawili. Picha kama hiyo Fotis ameibandika juu ya kitanda chake. Ni Volos.

Na katikati ya hayo Bence akaingia, ametoka kuwamwagilia majirani, mashavu mekundu kwa vigilasi. Akamkumbatia Fotis.

"Kaka! Umekuja! Nerea kaniambia tangu Ijumaa, kila akiharibu yai: Fotis angekuwepo, Fotis angekuwepo."

Nadhani hilo lilimuuma kuliko kofi.

Nerea alinivuta jikoni, akanieleza kilichosemwa kweli. Fotis alimwambia ananuka wanaume wa jengo zima. Alimwambia jibu lake la Volos ameshalipata, na asirudi Vienna.

Fotis akatufuata hadi mlangoni mwa jikoni.

"Nerea, nisamehe."

"Ungeniuliza tu."

"Simu yako ilikuwa imezima."

"Ilizima kwa saa chache, Fotis. Ukaniona malaya kwa saa chache. Huko Volos ningekaa miaka."

"Lile yai jekundu..."

"Nililichora Jumamosi nzima. Bence ndiye aliyenishikia mshumaa. Sasa sikupi."

Tulirudi Vienna mimi na Fotis, yeye na yai lake la kahawia mfukoni. Nerea alirudi na treni ya jioni, akahamia chumbani kwangu, kwenye godoro la sakafuni, na aliyeteseka ni mimi, maana anakoroma.

Wiki zile nilimwona Fotis anajifunza kazi ngumu kuliko masomo. Bence akija kusoma na Nerea, Fotis ndiye aliyewapikia kahawa. Simu ya Nerea ikilia, alishika sufuria akaisugua hadi ikalia na yenyewe. Siku moja Nerea alichelewa kurudi, na Fotis akasimama dirishani muda mrefu. Nerea alipoingia, Fotis alimuuliza jambo moja: "Umekula?" Nerea akamtazama, akasema bado. Fotis akampakulia maharage yake ya mfungo.

Pasaka ya Wagiriki ikafika. Fotis alipika kondoo, akapaka mayai rangi nyekundu, maana kwao yai la Pasaka ni jekundu tu, na mezani watu hugonganisha mayai, linalovunjika ndilo lililoshindwa. Mbele yake lakini hakuweka jekundu. Aliweka lile la kahawia la Budapest.

"Hilo si la kula," nikamwonya.

"Ndilo nililopewa."

Nerea akainuka, akaenda chumbani kwangu. Aliporudi alikuwa ameshika lile la mlima na ghuba. Akalinyoosha mbele ya Fotis.

"Gonga."

Fotis akarudisha mkono nyuma. "Sigongi. Litavunjika."

"Gonga, Fotis. Ni yai tu. Volos si ipo palepale?"

Akagonga, macho kafumba. La kahawia likapasuka, na harufu iliyotoka humo sijapata kuisikia tena maishani. Nilikimbia kufungua madirisha yote huku nimeziba pua, nikiwalaani wote wawili na Pasaka zao. Nilipogeuka, walikuwa hawajaondoka mezani. Nerea alikuwa anacheka hadi machozi, kichwa kakilaza begani kwa Fotis, na yai jekundu zima mkononi mwake.

"Julai," akamwambia. "Lakini chaji yangu ikiisha?"

"Nitangoja hadi simu iwake," Fotis akasema.