Jina la Taimur Kwenye Fomu

Kila Jumapili asubuhi Bi Rukhsana alipika parata, chapati za samli za kwao, akaweka simu mezani, akaanza kuwapigia ndugu zake wa Jhelum, Pakistani. Nyumba yao ya Woodbridge, Virginia, huko Marekani, ilijaa vicheko. Mtu wa mwisho kupigiwa alikuwa Taimur, kapteni wa jeshi la huko. Bi Rukhsana alimwita "mtoto wa mdogo wangu". Kila alipokata simu hiyo, alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Binti yake, Nayab, alikuwa fundi wa rada. Alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya meli za kivita. Lakini hakuweza kuianza bila kibali cha serikali cha kushughulika na mambo ya siri. Fomu ya kibali iliuliza kila kitu. Penye ndugu wa kuzaliwa naye, Nayab aliandika: Hakuna. Kisha akaituma.

Taimur alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alipozaliwa tu, mama yao alimpa mdogo wake ambaye hakujaliwa mtoto. Kwa watu wao, mtoto akishatolewa ametolewa. Nayab alilijua jambo hilo, ila nyumbani halikutajwa.

"Mama, mpelelezi anakuja Alhamisi," alisema Nayab. "Ataniuliza habari za ndugu."

"Mwambie huna. Yule ni wa mdogo wangu. Tena mwanajeshi! Mtaje uone kama kazi utaipata. Sikusafisha vyumba vya hoteli miaka kumi na minane ili uje ujichome mwenyewe."

Mara hodi ikapigwa. Ni Bi Delores, jirani, aliyekuja kurudisha bakuli la biriani, nalo amelijaza mkate wa mahindi. Kabla ya kustaafu, alisimamia fomu za namna hiyo kwenye kiwanda cha zana za kivita kwa miaka mingi. Nayab akamweleza yote. Mama yake alimkata jicho.

"Anti, nimekwisha?"

Bi Delores akavuta kiti. "Nani kakwambia kuwa na ndugu nje ni kosa? Wanataka kujua yuko nchi gani, anafanya kazi gani, mnaongea mara ngapi. Je, kuna mtu anaweza kumtumia yeye ili akubane wewe? Halafu wanapima na maisha yako ya hapa."

"Na ukapteni wake?"

"Watauliza zaidi. Sikudanganyi, wanaweza kukunyima. Lakini ukimficha, watakaa wajiulize, huyu binti anaficha nini kingine? Na kuandika uongo makusudi kwenye fomu ile ni kosa la jinai."

"Nimeshaituma, Anti."

"Basi usingoje waje wagundue wenyewe. Kesho asubuhi piga simu ofisi iliyokupa fomu, sema mwenyewe. Kusahihisha kabla ya kubanwa kunakusaidia."

Bi Rukhsana aliinua mikono yake. "Nilimtoa kwa mikono yangu hii. Leo nimwandike wangu?"

"Mama, sikuombi umrudishe," alisema Nayab. "Naandika tu alikotoka. Nikikosa kazi, nikose kwa ukweli."

Mama akavuta karatasi, akaandika mwenyewe jina kamili la Taimur na tarehe ya kuzaliwa. Chini yake akaongeza: alfajiri, mvua ikinyesha. Saa ya kuzaliwa hakuna aliyeiuliza. Nayab alilia.

Jumatatu alipiga simu. Alhamisi mpelelezi alimhoji saa mbili nzima.

"Mtu akija kupitia kaka yako kuulizia rada, utafanyaje?"

"Nitaripoti siku hiyo hiyo."

Walingoja miezi minane. Nayab hakujuta hata siku moja, ingawa usingizi ulimpaa. Hatimaye barua ikafika: kibali kimetolewa. Ilimkumbusha kutoa taarifa kila anapotaka kusafiri nje, au uhusiano wake na watu wa nje unapobadilika.

Jumapili iliyofuata, Bi Rukhsana aliongea kwanza na mdogo wake, kwa muda mrefu. Kisha akampigia Taimur.

"Taimur, dada yako kapata kazi."

"Najua tangu nina miaka kumi, mama mkubwa," alisema Taimur. "Nilikuwa nangoja mseme. Hebu mpe simu dada yangu."

Siku hiyo vyombo vilikaa kwenye sinki mpaka jioni.