Samaki Hana Choo cha Nje

Igowole, Mufindi, baridi ya Juni humfanya hata jogoo akohoe kwanza ndipo awike. Lakini Filemoni alikuwa na joto la furaha. Jumapili binti yake Damari angepata kipaimara. Wageni wangetoka hata Mbeya. Naye alishatangaza kanisani kwamba kwake hakuna mtu atakayekula maharage. Watakula perege wa bwawa lake!

"Nitawanenepesha mpaka washindwe kugeuka majini," alimwambia mkewe, Evarista.

Evarista alikuwa akipika komoni. Kila akichuja pombe hiyo, machicha yalibaki ndoo tele. Nguruwe wao waliyala wakanenepa. Basi Filemoni akaona kinachomfaa nguruwe kitamfaa na samaki. Akamwaga machicha bwawani, ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni.

Ijumaa asubuhi alirudi mbio kutoka bwawani.

"Mama Damari, njoo! Samaki wote wako juu, midomo wazi!"

Evarista akachungulia. "Wamelewa?"

"Wanakufa! Ona yule, tumbo juu. Wageni nitawaambia nini?"

Kelele zikamleta jirani yao, Bi Waridi, muuza dagaa. Alizaliwa Kilwa kwa wavuvi, na hapa Igowole naye alikuwa na bwawa. Alichota maji kwa kiganja, akanusa, akakunja uso.

"Kamwene, Baba Damari," alisalimu kienyeji. "Wewe unaweza kulala chooni?"

"Dada Waridi, samaki wanakufa, wewe unaniuliza choo!"

"Ndiyo, choo! Samaki akila, chakula kinasagwa tumboni, kinapita kwenye utumbo mrefu. Mwili unachukua nguvu, makapi yanatokea nyuma. Uchafu mwingine una sumu. Huo unatokea kwenye matamvua, hapo hapo anapopumulia. Vyote vinabaki majini. Samaki hana choo cha nje."

"Mbona wa baharini hawafi?" Evarista aliuliza.

"Bahari kubwa, mama. Maji yanasomba. Tena kuna wafagizi! Kaa anakula mabaki. Jongoo bahari anameza mchanga mchafu, tumbo linachukua chakula kilichomo, mchanga unatoka nyuma umepungua uchafu."

"Anakunya mchanga?" Filemoni alisahau msiba wake.

"Mchanga, kaka! Sasa hapa nani anafagia? Na kwenye baridi, tumbo la perege linakwenda polepole. Machicha yamezama, yameoza, yamemaliza hewa ya majini."

"Basi tufanye nini? Haraka!"

Bi Waridi akavua viatu. Wakafungua bomba la chini, maji meusi yakatoka yakinuka. Evarista akaopoa machicha kwa ungo. Filemoni akafungulia mfereji wa mto, maji yakaanguka kutoka juu yakitoa povu na kuingiza hewa.

Mchana, waliokufa wakishaopolewa, juu ya maji hapakuonekana samaki hata mmoja.

"Wamekwisha!" Filemoni alishika kichwa.

"Wamerudi chini, wanapumua!" Bi Waridi alicheka. "Leo na kesho usiwape kitu. Baadaye walishe jua likishapasha maji, kidogo kidogo. Wakiacha kula, acha na wewe."

Waliokufa walifukiwa. Waliobaki walitosha.

Jumapili, shemeji kutoka Mbeya alinyonya miiba mpaka kichwa.

"Watamu! Unawalisha nini?"

Filemoni alifuta mdomo, akajivuna.

"Shemeji, kwanza niulize wanakwenda choo wapi."

Meza nzima ikaacha kutafuna. Bi Waridi akacheka mpaka chai ikamtoka puani.